Anza na kiwanja, si jina: kuwatafuta wazee wako katika hati za ardhi za Mombasa

Anayekuja kwangu huja na jina. "Shangazi, namtafuta babu mzaa babu yangu, aliitwa Ali bin Mohamed." Nami humwuliza swali moja: alikuwa akikaa wapi? Kina Ali bin Mohamed katika vitabu vya Mombasa hawahesabiki. Lakini kiwanja kilicho nyuma ya msikiti fulani pale mtaa wa Kuze, chenye kisima upande mmoja na kichochoro upande wa pili, ni kimoja tu. Jina hubadilika kila linapopita mkononi mwa karani mpya. Kiwanja kipo pale pale.

Nilikuwa karani wa mawakili hapa Mombasa kwa miaka 31. Kazi yangu kubwa ilikuwa sachi: kwenda masjala ya ardhi, kuomba jalada, kusoma nani alimuuzia nani, na kurudi ofisini na majibu kabla mteja hajatoa pesa zake. Miaka ya mwanzo nilisoma nambari na tarehe tu. Siku niliyokutana na jina la mamake nyanyangu ndani ya hati ya mtu mwingine kabisa, ametajwa kama jirani, ndipo nilipoanza kuyasoma na yale mengine yote yaliyoandikwa katika karatasi zile. Njia ninayoieleza hapa ndiyo niliyoifuata kwa ukoo wangu, na ndiyo ninayowaelekeza wengine.

Kabla ya ofisi, nyumbani

Kaa na mzee mkubwa kuliko wote katika ukoo. Usimwulize mwaka, maana miaka ya wazee huenda kwa matukio, nawe utamchosha. Mwulize mahali. Mlisali msikiti gani? Maji mliteka kisima kipi? Nyumba ilikuwa ya mawe au ya udongo na makuti? Mlango ulitazama wapi? Upande wa kushoto alikaa nani, na watu wake wako wapi leo? Mwisho mwulize swali ambalo hapa Mombasa ni muhimu kuliko yote: je, mlikuwa mkimlipa mtu kodi ya ardhi?

Hili la mwisho nalitilia mkazo kwa sababu mji wetu una desturi ya nyumba bila ardhi. Majengo, Kisauni, Likoni na kwingineko, mtu alijenga nyumba yake mwenyewe, akaimiliki, akairithisha, lakini udongo ulio chini yake ulikuwa wa mwingine, naye akilipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Familia ya namna hii hutaikuta katika hati ya ardhi kama mmiliki hata ukikesha. Risiti zao ndizo hati zao. Niliwahi kuona bunda la risiti za kodi lililofungwa kwa uzi wa katani, la kuanzia miaka ya 1930, na juu ya kila risiti jina la mlipaji. Mwaka jina lilipobadilika kutoka la mume hadi la mke, tulijua mume alifariki lini kwa kukosea miezi tu. Kwa hiyo msidharau kikaratasi chochote kilicho ndani ya kasha.

Katika karatasi hizo tafuta nambari. Kisiwani, kiwanja huandikwa Mombasa, kisha Block na tarakimu za Kirumi, kisha nambari ya kiwanja chenyewe. Bara ya kaskazini, yaani Kisauni, Kongowea, Nyali na kuendelea, utaona herufi MN. Bara ya kusini, upande wa Likoni na Mtongwe, MS. Ukiona CR ikifuatwa na tarakimu, hiyo ni nambari ya masjala ya Mwambao, na kwa mtu anayetaka hati za zamani ina thamani kubwa. Risiti ya rates, yaani kodi ya kiwanja iliyolipwa manispaa, nayo hubeba nambari ya kiwanja hata kama hati yenyewe imepotea.

Jambo moja la kifamilia nisiliruke. Hapa kwetu, anayeulizia hati ya zamani hushukiwa kwamba anataka kuuza au kudai. Nilipoanza, ami yangu mmoja hakusema nami kwa miezi minne. Alikuwa na haki ya kuogopa, ameona mengi. Waarifu jamaa zako wote mapema, wa kuumeni na wa kukeni, waeleze kwamba unatafuta nasaba, na kila nakala utakayoipata toa nyingine uwape. Mimi nilipompelekea ami nakala ya kwanza mkononi, yeye ndiye aliyenionyesha ya pili.

Kwa nini mwaka 1908 ni mlango

Mwambao haukuwa na historia ya ardhi kama ya bara. Kwa mkataba wa 1895 Uingereza ilikuja kuutawala ukanda wa maili 10 kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, na watu wa hapa tayari walikuwa wakiuziana, wakiweka rahani na kurithishana mashamba na nyumba kwa sheria ya Kiislamu. Usajili wa nyaraka ulianza 1901. Kisha ikaja sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyomtaka kila mwenye ardhi katika Mwambao aende kwa afisa wa kuandikisha, atoe dai lake, alete ushahidi na mashahidi. Aliyekubaliwa alipewa hati ya kumiliki. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni.

Fikiria maana ya hilo kwa mtu anayetafuta wazee wake. Kwa mara ya kwanza watu wa kawaida waliulizwa: hii umeipataje? Nao wakajibu. Nilirithi kwa mama yangu. Nilinunua kwa fulani mwaka wa njaa. Nilipewa na bwana wangu aliyeniacha huru. Hadhi ya utumwa ilikuwa imefutwa kisheria mwaka mmoja tu kabla, 1907, na kwa hiyo miongoni mwa waliotajwa katika karatasi hizo wamo watu ambao hakuna kitabu kingine kilichowaandika kwa majina yao. Wanawake nao ni wengi kuliko unavyodhani, wakiuza, wakinunua, wakikopesha kwa majina yao wenyewe.

Ubaya wake nao useme. Waliokuwa mashamba ya mbali, waliomiliki kwa pamoja kama ilivyo desturi ya Wamijikenda, au ambao habari haikuwafika, hawakudai, na ardhi ikawatoka. Ukiwa wa ukoo huo usikate tamaa. Wazee wako huenda wametajwa katika hati za waliopakana nao, au kama mashahidi. Hilo nitalirudia, maana ndilo lililonifungua mimi.

Masjala

Ukishapata nambari, nenda ofisi ya ardhi ukaombe sachi. Utajaza fomu, utaambatanisha nakala ya kitambulisho, utalipa ada ya siku hiyo. Ada na utaratibu hubadilika, na kazi inazidi kuhamia kwenye mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa uliozinduliwa 2021, basi uliza kwanza kaunta kabla hujapanga foleni.

Watu wengi hukosea hapa. Sachi ya kawaida hukujibu swali la mnunuzi: leo mwenyewe ni nani, na kuna deni au zuio? Wewe unataka la jana. Kwa hiyo omba pia nakala iliyothibitishwa ya maingizo yote tangu hati ilipofunguliwa, na nyaraka zilizomo katika jalada. Sema waziwazi kwamba ni kwa ajili ya nasaba. Ukiambiwa jalada halionekani, usigombane. Rudi na nambari ya ramani ya upimaji, kwa sababu jalada moja linapopotea, ramani mara nyingi iko ofisi ya wapimaji, na juu yake majirani wameandikwa. Kuna mwaka nilikwenda mara 6 kwa jalada moja. Mara ya sita lilipatikana, kurasa mbili za mwanzo zimeliwa na mchwa, ya tatu nzima.

Kusoma hati yenyewe

Hapa ndipo penye utamu, na hapa nakuomba usiharakishe.

Mipaka kwanza. Hati za zamani hazisemi kaskazini na kusini. Husema kibla, suheili, matlai na magharibi. Kibla kwetu ni kaskazini, na si kwa kukisia: Makka na Mombasa ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, kwa hiyo anayesali Mombasa huelekea kaskazini karibu sawasawa. Suheili ni kusini, ilipo nyota ya jina hilo, na matlai ni kunakochomoza jua. Chini ya kila upande kuna jina la jirani. Yanakili majina yote manne, hata kama hayakuhusu. Miji yetu ilijengwa kwa ujamaa: baba alimkatia binti yake kipande, ndugu wawili wakagawana ua, mtu aliyeachwa huru akajengewa pembeni mwa nyumba ya bwana wake. Jirani wa 1910 mara nyingi ni ndugu.

Mimi nilikwama miaka 5 kwenye jina la mamake nyanyangu kwa sababu hati yake haikuonekana. Nilipochukua nambari za viwanja vilivyouzunguka msikiti mmoja wa Kuze, nikavifanyia sachi kimoja kimoja, cha tatu kilikuwa na sentensi hii katika mipaka yake: upande wa matlai, nyumba ya mwanamke fulani binti fulani, dada yake muuzaji. Dada yake muuzaji! Mwanamke yule ndiye mamake nyanyangu, na nyumbani hakuna aliyewahi kusema kwamba alikuwa na dada. Wazao wa dada yule leo wako Lamu, nasi tunazikana.

Vipimo ni kwa dhiraa, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kiasi cha sentimita 46. Mashamba hupimwa kwa miti: minazi kadhaa, miembe kadhaa.

Bei itakusaidia kujua wakati hata kama tarehe imefutika. Riale ni ya zamani zaidi. Rupia ilitumika mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikafuata shilingi ya Afrika Mashariki. Tarehe za Hijria zigeuze hivi: zidisha mwaka kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mwaka 1326 unakupa 1908. Mwaka 1309 unakupa 1891 au 1892. Ikiwa mwezi na siku vinahitajika, tumia jedwali kamili.

Kisha maandishi. Hati nyingi za mwanzo ni Kiarabu, au Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na herufi zile zilipoandikwa kwa mtindo wa kale hazikutenganisha sauti zetu zote. Ba moja ilisimama kwa b, p na mb. Fa ilisimama kwa f na v. Ghaini ilibeba gh, g na ng. O na u zilikuwa sawa, e na i zilikuwa sawa. Basi Kombo huweza kusomeka Kubu, na Mvita ikawa Mfita. Karani wa Kizungu au Mgoa akalisikia jina lile na kuliandika kwa tahajia yake. Mwanaesha anakuwa Mwana Aisha, anakuwa Mwanaisha, na binti anakuwa bt. Kabla ya kusema "hayumo", andika kwenye daftari namna zote jina lake lingeweza kuharibika, kisha tafuta tena. Kama huwezi kusoma Kiarabu cha mkono, mwendee mwalimu wa madrasa mwenye umri. Vijana husoma Mus-hafu vizuri lakini mwandiko wa karani wa Liwali, aliyekuwa mwakilishi wa Sultani hapa, huwashinda.

Sehemu za nane

Ukitaka kujua hati ya ardhi inavyoweza kuzaa ukoo mzima, tazama hisa. Mwaka jana nilikaa na kijana mmoja juu ya hati ya kiwanja cha Majengo. Jina la mwenyewe lilikatwa kwa mstari, na chini yake yakaja majina 6: wanaume wawili, kila mmoja 2/8, wanawake wanne, kila mmoja 1/8. Hakuna palipoandikwa mke wala mtoto. Kijana aliona nambari tu.

Nikamwambia tusome kwa sheria ya mirathi. Mke, marehemu akiwa ameacha watoto, hupata 1/8. Kilichobaki, 7/8, hugawanywa mwana wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Wana wawili ni mafungu 4, mabinti watatu ni 3, jumla 7. Imetimia. Basi mmoja wa wale wanawake wanne ni mke na watatu ni mabinti. Yupi ni yupi? Watatu walikuwa binti wa jina la marehemu. Wa nne alikuwa binti wa mtu mwingine. Huyo ndiye mke, na tayari tumempata na baba yake.

Hatukuishia hapo. Baba au mama wa marehemu angekuwa hai, kila mmoja angechukua 1/6, kwa hiyo wote wawili walikuwa wametangulia. Wake wangekuwa wawili, ile 1/8 wangeigawana, ungeona 1/16 mara mbili. Hivyo alikufa akiwa na mke mmoja. Mstari mmoja wa karani, na kijana akaondoka na watu 8 wa ukoo wake.

Hisa zikianza kuwa za 64 au zaidi, jua kizazi cha pili kimeingia kabla cha kwanza hakijagawana. Mwana mwenye 2/8 akifa na kuacha mke na mtoto mmoja wa kiume, mke huandikwa 2/64 na mtoto 14/64. Kila nambari ya chini ya hisa inapokua, kuna msiba nyuma yake.

Lakini tahadhari. Mtoto aliyekufa kabla ya baba yake hamo katika orodha, na watoto wake nao hawarithi babu yao ikiwa ami zao wa kiume wapo. Kukosekana katika hisa si kukosekana katika ukoo.

Pana mitego miwili mingine. Wa kwanza ni walaa: aliyeachwa huru akifa bila warithi wa damu, aliyemwacha huru au watu wake ndio waliorithi. Ukimwona bwana wa ukoo mkubwa akirithi nyumba ya mtu mnyonge, usikimbilie kuandika kwamba ni babake. Hapo nenda taratibu pia kwa ajili ya walio hai. Kuna nyumba ambazo habari ya utumwa haijawahi kutamkwa, na si wewe wa kuitamka mbele ya wageni wakati wa arusi. Wa pili ni bei khiyari, mauzo yenye haki ya kukomboa. Kwenye karatasi nyumba imeuzwa, mara nyingi kwa mfanyabiashara wa Kihindi, kumbe ni rahani, na wenyewe waliendelea kukaa humo. Angalia maingizo yanayofuata kama ilikombolewa.

Ikiwa ardhi haikuwa yao

Palipo na wakfu, yaani mali iliyotolewa isiuzwe wala kurithiwa, ofisi ya Makamishna wa Wakfu iko hapa hapa Mombasa, na wakfu wa dhuria, uliowekewa kizazi cha mtoaji, huwataja wanaofaidika kizazi kwa kizazi. Mahakama ya Kadhi ina kesi za mirathi na talaka ambamo nyumba hutajwa.

Wenye asili ya Frere Town waanze kanisani. Makazi yale yalianzishwa na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society) mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, na ardhi ilikuwa ya misheni, kwa hiyo vitabu vya ubatizo na ndoa ndivyo vitakavyokupa majina. Kumbukumbu za CMS zenyewe ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza.

Nairobi, katika jengo la Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, muulizie karani wa chumba cha kusomea faili za PC/Coast, za Mkuu wa Mkoa wa Pwani. Humo mna barua za malalamiko ya ardhi zilizoandikwa na watu wenyewe. Nyaraka za Zanzibar nazo zifikirie ikiwa wazee wako walikuwa na mguu huko na huku. Bila kutoka nyumbani, pekua Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza 1899. Matoleo mengi yamo kwenye Google Books, na humo utakuta matangazo ya mirathi na ya hati zilizopotea, yote na nambari za viwanja.

Ukishapata vya kutosha, nenda uwanjani na nakala mkononi, na mzee mmoja pamoja nawe. Mimi nilikwenda Kuze na shangazi yangu, asubuhi kabla ya jua kupanda. Mihrabu ya msikiti ilitupa kibla. Nyumba ya bibi haipo, pamejengwa ghorofa, lakini ukuta wa msikiti umetajwa kuwa mpaka wa suheili na ukuta upo. Hati ilisema dhiraa 22 kutoka ukutani. Shangazi alikataa futi niliyokuja nayo, akaweka mkono wake ukutani na kuanza kupima, kiwiko, kidole, kiwiko, kidole, nami nikihesabu kwa sauti. Ya 22 ilifika kwenye jiwe la matumbawe lililosimama peke yake pembeni mwa kichochoro, ambalo watoto wa mtaa hulikalia. Shangazi akalikalia.